Jimbo la Smethwick: kiti kilichopotea kwa kura 1,774

Oktoba 15, 1964 Waingereza walipiga kura, na chama cha Labour kikarudi madarakani baada ya miaka 13 ya upinzani. Matokeo yalipoanza kumiminika usiku ule, kiti baada ya kiti kiliangukia upande wake. Kisha likatangazwa la Smethwick, mji wa viwanda uliogusana na Birmingham. Patrick Gordon Walker, mbunge wa pale kwa miaka 19 na mtu ambaye kila mwandishi wa habari alijua ndiye Waziri wa Mambo ya Nje ajaye, alikuwa ameangushwa. Peter Griffiths wa Conservative, chama kilichokuwa kinatawala, mwalimu mkuu wa shule ya msingi na diwani wa mji, alipata kura 16,690. Gordon Walker alipata 14,916.

Kushindwa kwa waziri mtarajiwa si jambo geni katika siasa za nchi yoyote. Hapa kilichowashtua watu ni mwelekeo. Nchi nzima wapiga kura walikuwa wamehama kutoka Conservative kwenda Labour kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Smethwick walihama kinyume, kutoka Labour kwenda Conservative, kwa asilimia 7.2. Mji wa wafanyakazi wa viwandani, ngome ya Labour tangu vita vilipokwisha, uliogelea dhidi ya mkondo, na kila mtu alijua sababu: suala la wahamiaji weusi na Waasia.

Kisa hiki kwa kawaida kinasimuliwa kwa kutaja kaulimbiu moja chafu ya kampeni, kisha msimulizi anaendelea na mengine. Kaulimbiu hiyo ilikuwepo na nitaifikia. Lakini mimi naona jimbo halipotei kwa kaulimbiu peke yake. Kiti cha Smethwick kilikuwa kimelegea miaka mingi kabla ya 1964, na kilichofuata baada yake kilikwenda mbali kuliko mipaka ya mji ule, mpaka kikawagusa watu wa Nairobi na Mombasa ambao hawakuwahi kulisikia jina la Smethwick.

Jimbo lenyewe lilichongwa mwaka 1918, mwaka ule ule sheria ilipowapa kura wanaume wote wa miaka 21 na, kwa mara ya kwanza, wanawake wa miaka 30 kwenda juu waliotimiza masharti fulani ya makazi na mali. Wanawake waliruhusiwa pia kugombea, na 17 wakajitokeza nchi nzima. Mmoja wao alikuwa Christabel Pankhurst, binti wa Emmeline, waliokuwa wameongoza kwa miaka mingi mapambano ya wanawake kupata kura. Alichagua Smethwick. Mgombea wa Conservative akampisha, serikali ya mseto ikamuunga mkono, mama yake akaja kumfanyia kampeni. Alipata kura 8,614. John Davison wa Labour, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akapata 9,389. Pengo ni 775. Watu 388 tu wangebadili mawazo, Smethwick ingempeleka Bungeni mwanamke wa kwanza kukalia kiti katika Bunge la Uingereza, maana Constance Markievicz aliyeshinda Dublin mwaka huo alikataa kwenda London.

Davison alipojiuzulu mwaka 1926, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Labour wakamleta Oswald Mosley, kijana tajiri wa ukoo wa makabaila, mkwe wa Lord Curzon aliyewahi kuwa mtawala wa India. Magazeti yalimshambulia kwa utajiri wake. Wafanyakazi wa Smethwick hawakujali, wakampa ushindi wa kura 6,582. Aliyechaguliwa pale alikuwa mwana wa Labour aliyezungumzia ajira, na mwaka 1930 alijiuzulu serikalini baada ya mpango wake wa kuwapatia kazi wasio na ajira kukataliwa. Mwaka 1931 akaihama Labour, na mwaka 1932, akiwa tayari nje ya Bunge, akaanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza. Kuna waandishi wanaounganisha Mosley na mambo ya 1964 kana kwamba Smethwick ina laana ya ubaguzi. Huko ni kuionea. Fashisti Mosley hakuwahi kuomba kura za mji huu.

Conservative walikishika kiti kuanzia 1931 hadi 1945. Julai 1945 Labour wakakirudisha kupitia Alfred Dobbs, aliyefariki kwa ajali ya gari siku moja tu baada ya kutangazwa mshindi. Ni mmoja wa wabunge waliotumikia muda mfupi kuliko wote katika historia ya Uingereza. Ndipo Oktoba 1, 1945, katika uchaguzi mwingine mdogo, akaingia Patrick Gordon Walker.

Msomaji wa Afrika anapaswa kusimama kidogo kwenye jina hilo. Gordon Walker alikuwa mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa vita alitangaza kwa Kijerumani kupitia BBC. Mwaka 1950 alifanywa waziri wa mahusiano na nchi za Jumuiya ya Madola, na jalada lililomsubiri mezani lilikuwa la Seretse Khama, mrithi wa kiti cha uchifu cha Bamangwato katika Bechuanaland (Botswana ya leo), aliyemwoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe, mwaka 1948. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini haikuitaka ndoa hiyo ng'ambo tu ya mpaka wake. Machi 1950 Gordon Walker ndiye aliyetangaza kwamba Seretse hataruhusiwa kurudi kwao. Alibaki uhamishoni hadi 1956. Kwa hiyo mtu ambaye wapiga kura wa Smethwick waliambiwa anawapenda mno watu weusi, ndiye waziri aliyemfungia Mwafrika mlango wa nchi yake mwenyewe kwa sababu ya mke wa rangi nyingine. Sisemi alistahili kilichompata mwaka 1964. Nasema tu kwamba picha aliyopakwa katika kampeni haikuwa na uhusiano wowote na rekodi yake.

Sasa mji. Smethwick uliishi kwa chuma na kioo. Kampuni ya Boulton na Watt ilifungua kiwanda chake cha injini za mvuke, Soho Foundry, hapo mwaka 1796, na kioo cha jumba la maonyesho makubwa ya London ya 1851 kilitengenezwa na Chance Brothers wa Smethwick. Baada ya vita vya pili viwanda vya kusubu chuma vilikosa watu. Kazi ilikuwa ya joto, vumbi na zamu za usiku, na vijana wa Kiingereza walikuwa wanapata kazi safi zaidi kwenye viwanda vya magari vya Birmingham. Pengo hilo likazibwa na wanaume wa Punjab, huko India, wengi wao Masingasinga, pamoja na Wapakistani na watu wa visiwa vya Karibi. Walikuja kwa haki: walikuwa raia wa Jumuiya ya Madola, na sheria ya wakati ule iliwaruhusu kuingia, kufanya kazi na hata kupiga kura.

Ugomvi ulizuka kwenye nyumba zaidi kuliko kwenye kazi. Nyumba za halmashauri zilikuwa na orodha ndefu ya wanaosubiri, na mgeni alipaswa awe ameishi mjini miaka kadhaa kabla hajafikiriwa. Kukopa pesa za kununua nyumba kulikuwa kugumu kwa mtu asiye mweupe, na wenye vyumba wengi walikataa kumpangisha. Wakafanya ambalo wahamiaji popote hulifanya: wakachanga, wakanunua nyumba kuukuu kubwa, wakakaa wengi ndani yake, wengine wakipokezana kitanda mmoja akitoka zamu ya usiku na mwingine akiingia. Jirani Mwingereza akatazama nyumba iliyofurika watu, takataka zinazozidi pipa na rangi inayobanduka ukutani, akahitimisha kwamba hawa ndivyo walivyo. Ukosefu wa nyumba uliosababishwa na mji wenyewe ukageuzwa kuwa tabia ya mgeni.

Mwaka 1961, mtaa mmoja uitwao Price Street, halmashauri ilipotaka kuipa familia ya Kipakistani makazi mapya baada ya nyumba yao kubomolewa, wapangaji weupe walitishia kugoma kulipa kodi. Gazeti la mji, Smethwick Telephone, likawa linajaa barua za wasomaji kuhusu wahamiaji. Chama cha kudai wahamiaji wazuiwe, kilichoanzia Birmingham mwaka 1960, kikapata wafuasi Smethwick. Na hapa ndipo Griffiths alipoona njia. Alikuwa mzaliwa wa West Bromwich, mji jirani, diwani tangu 1955, aliyegombea ubunge mwaka 1959 akashindwa kwa kura 3,544. Hakuwa mgeni aliyeteremshwa kutoka London. Aliujua mji mtaa kwa mtaa, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 60 aliandika na kusema jambo moja bila kuchoka: wahamiaji wazuiwe, nyumba wapewe wenyeji kwanza. Mei 1964 chama chake kikachukua uongozi wa halmashauri ya mji.

Labour walifanya nini kwa miaka hiyo yote? Hapa ndipo kwenye kiini cha kisa, kwa maoni yangu. Gordon Walker alikuwa anaishi London, akishughulikia mambo ya nje ya chama. Bungeni alisimama mwaka 1961 kupinga muswada wa Conservative wa kuwazuia wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, uliokuwa sheria mwaka 1962, na alizungumza vizuri. Lakini jimboni hakukuwa na kazi ya kulingana na hotuba ile. Klabu ya Labour ya Smethwick yenyewe ilikuwa haiwapokei watu weusi na Waasia. Hebu lifikirie hilo: chama kinachodai usawa Bungeni, mlangoni kwake mjini kinamrudisha Msingasinga anayefanya kazi kiwanda kimoja na wanachama wake. Wala hakikufanya jitihada ya maana kuwaandikisha wahamiaji kwenye daftari la wapiga kura, ingawa sheria iliwaruhusu kupiga kura. Na kampeni ilipopamba moto, kipeperushi cha Labour kikajitetea kwamba wahamiaji wengi waliingia Smethwick wakati Conservative wakiwa serikalini, kwa hiyo lawama isitupwe kwa Labour. Ukijibu hivyo umekwisha kukubali kwamba ujio wa watu hawa ni kosa linalohitaji mkosaji. Umebakiza kubishana nani alikosa.

Ile kaulimbiu ndiyo iliyopata pa kuota hapo. Iliandikwa kwenye vibandiko na kuimbwa na watoto mitaani, kwa Kiingereza cha vina: anayetaka jirani awe mtu mweusi, na hapo waliweka tusi baya kuliko yote ambalo lugha yao inalo, basi aipigie Liberal au Labour. Colin Jordan, kiongozi wa Wanazi wa Uingereza, baadaye alidai kwamba watu wake ndio waliosambaza. Griffiths alisisitiza kwamba kampeni yake haikuitoa. Lakini gazeti la The Times lilipomuuliza, alijibu kwamba hayo ni maonyesho ya hisia za wananchi na kwamba hatamlaani yeyote anayeyasema. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo iliyomhukumu, kuliko vibandiko vyenyewe. Mgombea haulizwi tu amechapisha nini; anaulizwa pia anakataa nini.

Uvumi nao ulifanya kazi yake. Ilienezwa kwamba mabinti wa Gordon Walker wameolewa na watu weusi. Haikuwa kweli, lakini jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mji ulifika mahali ambapo habari ya ndoa kama hiyo, ya kweli au ya uongo, ilitosha kumwondolea mtu kura. Matokeo yalipotangazwa, waandishi waliripoti watu wakimzomea akitoka, wakimwuliza watu wake weusi wako wapi sasa.

Smethwick haikuwa peke yake usiku ule, ingawa ndiyo iliyobeba jina. Eton na Slough, magharibi mwa London, Fenner Brockway alipoteza kiti kwa kura 11. Brockway alikuwa rafiki wa harakati za uhuru za Afrika kuliko mbunge yeyote wa kizazi chake. Alifika Kenya mapema miaka ya 50 na alifahamiana na Jomo Kenyatta kwa miaka mingi. Mara kadhaa alikuwa amepeleka Bungeni muswada wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi, na kila mara ukakwama.

Harold Wilson, kiongozi wa Labour, aliunda serikali akiwa na wabunge wanne tu zaidi ya wengine wote kwa pamoja. Bunge lilipokutana Novemba alimgeukia kiongozi wa Conservative, Alec Douglas-Home, akimtaka amkane Griffiths, na akasema mbunge huyo mpya atakaa humo kama mkoma wa Bunge mpaka wapiga kura watakapomwondoa. Ukumbi ulilipuka kwa makelele, baadhi ya wabunge wa Conservative wakatoka nje. Maneno yale yaliwafurahisha wengi, na hasira ya Wilson naamini ilikuwa ya kweli. Lakini hayakumgusa mtu wa Price Street aliyekuwa akisubiri nyumba, wala Mpunjabi aliyekuwa akinyimwa chumba.

Kwa Gordon Walker maumivu yaliendelea. Wilson alimpa Wizara ya Mambo ya Nje hivyo hivyo bila ubunge, na ili apate kiti, mbunge mzee wa Leyton, mashariki mwa London, akapelekwa Baraza la Malodi, chumba cha Bunge ambacho wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi. Labour walikuwa wameshinda Leyton kwa kura 7,926 miezi mitatu tu nyuma. Januari 21, 1965 Gordon Walker akashindwa kwa kura 205. Wapo waliosema Smethwick imemfuata. Mimi naona kulikuwa na sababu nyepesi zaidi nayo: watu wa Leyton hawakupenda mbunge wao aondolewe ili kigogo apate pa kukaa. Alijiuzulu uwaziri, Michael Stewart akachukua nafasi yake.

Kule Smethwick halmashauri ya Conservative ilikuwa na mpango wa kutekeleza. Kulikuwa na mtaa uitwao Marshall Street, nyumba zimepangana safu moja, familia za Kiasia zikianza kununua moja moja kila mweupe alipohama. Baadhi ya wakazi weupe waliiomba halmashauri inunue kila nyumba inayotangazwa kuuzwa na kuwapa wazungu peke yao. Halmashauri ikakubali. Lakini kununua kulihitaji mkopo, na mkopo wa halmashauri ulihitaji kibali cha serikali kuu. Waziri wa nyumba, Richard Crossman, akakataa kutoa kibali, na mpango ukafa kwa kukosa pesa. Naupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha pale ambapo nguvu ilikuwepo kweli: sahihi ya waziri kwenye ombi la mkopo ilifanya ambalo hotuba ya mkoma haikuweza.

Mtu mwingine aliyepambana kwa vitendo alikuwa Avtar Singh Jouhl, Mpunjabi aliyefika Uingereza mwaka 1958 na kufanya kazi kwenye viwanda vya kusubu chuma, kiongozi wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi. Baa nyingi za eneo lile zilikuwa na ukumbi wa kawaida ambamo mtu mweusi au Mwasia angeweza kuuziwa, na ukumbi wa ndani wenye viti vizuri ambao haukumhusu. Jouhl na wenzake walipanga na wanafunzi weupe wa chuo kikuu. Mwanafunzi anaingia kwanza, anaagiza bia, anauziwa. Baada ya dakika chache anaingia Mhindi, anaagiza ile ile, anakataliwa. Mashahidi wapo. Muda wa baa kuomba leseni upya unapofika, wanakwenda kuweka pingamizi. Hakuna jiwe lililorushwa hapo. Kilichofanyika ni kukusanya ushahidi, baa moja baada ya nyingine.

Ni Jouhl huyo aliyemwalika Malcolm X, mtetezi maarufu wa haki za watu weusi wa Marekani. Oktoba 1964, mwezi ule ule Smethwick ilipopiga kura, Malcolm alikuwa Dar es Salaam, ambako alikutana na Mwalimu Nyerere, na kutoka hapo akaelekea Kenya. Februari 1965 alizuiwa kuingia Ufaransa, akarudi Uingereza, na Februari 12 akaenda Smethwick. Alitembea Marshall Street akifuatwa na wapiga picha wa BBC, akiwa amevaa koti na kofia yake ya manyoya, akawaambia waandishi kwamba amesikia watu weusi wa hapa wanatendewa kama Wayahudi walivyotendewa na Hitler. Kisha Jouhl akampeleka kwenye baa iitwayo Blue Gates. Ukumbi wa ndani walikataliwa. Wakaenda ule wa kawaida, na Malcolm, Mwislamu, akanywa soda. Siku 9 baadaye aliuawa New York.

Mwishoni mwa mwaka huo sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi ilianza kazi. Ilikataza ubaguzi katika hoteli, baa, mikahawa, usafiri na sehemu nyingine za umma. Haikugusa nyumba wala ajira, yaani yale mawili ambayo Smethwick ilikuwa inagombania. Hayo yalisubiri hadi 1968.

Griffiths alidumu chini ya miezi 18. Machi 31, 1966 ulifanyika uchaguzi mwingine alioitisha Wilson, na Labour wakamsimamisha Andrew Faulds, mwigizaji wa jukwaani na redioni mwenye ndevu nyingi na sauti ya radi. Faulds alizaliwa mwaka 1923 Isoko, Tanganyika, katika milima ya Ileje, wazazi wake wakiwa wamisionari. Aliyemsukuma kwenye siasa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, waliyefanya naye kazi Stratford mwaka 1959. Faulds alikwenda Smethwick akausema ubaguzi kwa jina lake, bila ile aibu ya kipeperushi cha 1964, na akashinda kwa kura 3,490. Upepo wa nchi nzima ulimsaidia, tusimpe sifa yote. Hata hivyo jibu lake kwa kampeni ya Griffiths lilikuwa tofauti kabisa na la mtangulizi wake, na kiti kilirudi. Siku iliyofuata, Aprili 1, halmashauri ya mji wa Smethwick ikakoma kuwepo: mji uliunganishwa na majirani zake kuwa Warley.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, mbaguzi ameanguka na mzaliwa wa Ileje ameshinda. Lakini angalia Labour walikuwa wamefanya nini London muda wote huo. Crossman, yule yule aliyeikatalia halmashauri mkopo, aliandika katika shajara yake kwamba tangu Smethwick ilikuwa wazi kuwa suala la wahamiaji linaweza kuipotezea Labour kura kuliko jambo lolote. Agosti 1965 serikali ikatoa waraka uliopunguza vibali vya kazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola hadi 8,500 kwa mwaka. Ile sheria ya 1962 ambayo Labour waliipinga kwa ufasaha, sasa waliikaza wenyewe.

Kisha ikaja Kenya. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, Waasia wengi walipewa miaka miwili kuamua kama wanataka uraia wa Kenya. Maelfu walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini ahadi iliyoandikwa ndani yake. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na mwanzoni mwa 1968 familia zilikuwa zinajaza ndege za kwenda London kabla mlango haujafungwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka muswada Bungeni mwishoni mwa Februari, ukapita kwa siku tatu, na Machi 1, 1968 ukawa sheria. Mwenye pasipoti ya Uingereza sasa alitakiwa awe amezaliwa au kuandikishwa uraia huko Uingereza yeye mwenyewe, au awe na mzazi, babu au bibi wa namna hiyo. Mzungu mlowezi wa Nakuru kwa kawaida alikuwa naye. Mwenye duka wa Biashara Street hakuwa naye. Wakuu wa familia waliokosa sifa hiyo walitengewa vibali 1,500 kwa mwaka. Na katika baraza la mawaziri lililoipitisha sheria hiyo alikuwamo Patrick Gordon Walker, wakati huo Waziri wa Elimu, akiwa amepata Leyton hatimaye mwaka 1966.

Hapa ndipo ninapoona ushindi halisi wa kampeni ya 1964. Griffiths alipoteza kiti, lakini chama kilichomshinda ndicho kilichoanza kutunga sheria kwa kuiogopa hoja yake. Mtu aliyesimama kwenye foleni uwanja wa ndege wa Embakasi akiwa na pasipoti ya Malkia mkononi alilipia kura 1,774 za mji ambao hakuujua. Wiki saba baada ya sheria hiyo, Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton, jirani ya Smethwick, alitoa Birmingham hotuba yake maarufu dhidi ya wahamiaji. Conservative walimfukuza kwenye baraza lao kivuli, yaani kundi la wasemaji wakuu wa upinzani. Tayari lakini serikali ya Labour ilikuwa imekwisha kukubali msingi wa anachodai, kwamba wingi wa watu wa rangi ndio tatizo la kutibiwa.

Jimbo la Smethwick lilifutwa Februari 1974 mipaka ilipochorwa upya, na sehemu yake kubwa ikaingia jimbo jipya la Warley East. Faulds aliliwakilisha hadi alipostaafu mwaka 1997. Mkoma wa Wilson naye alirudi Bungeni: Griffiths alishinda Portsmouth North mwaka 1979 na kukaa miaka 18 bila usumbufu wowote, mpaka akaangushwa katika uchaguzi ule ule wa 1997. Mwaka 2024 mipaka ilipopitiwa tena, jina la Smethwick lilirudishwa kwenye ramani ya majimbo, na Julai mwaka huo likamchagua Gurinder Singh Josan, Msingasinga, kwa tiketi ya Labour.